Masomo ya Bure kwa Intaneti: Je, Yatatufaa?

Katika mikutano ya vikundi swali hili linarudi kila mara. Kijana amemaliza Fomu Foo, karo ya chuo haipo, naye anasikia kuna masomo ya bure kwa simu. Je, ni kweli, ama ni njia nyingine ya kula pesa za wazazi?

Masomo yapo. Mwaka wa 2001 chuo kikuu cha MIT huko Marekani kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake kwa intaneti, mtu yeyote asome bila kulipa. Mwaka wa 2006 Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kikaanzisha OpenLearn. Mwaka wa 2012 zikaja Coursera na edX.

Lakini tusishangilie kabla ya kupiga hesabu.

Kwanza, somo ni bure, njia ya kulifikia si bure. Bando hununuliwa, simu huchajiwa, na video hula bando upesi.

Pili, cheti. Kwa Coursera na edX cheti kwa kawaida hulipiwa. OpenLearn hutoa hati ya kushiriki bila malipo, lakini hiyo si diploma. Kabla ya kuitegemea, muulizeni mwajiri au chuo kama wataikubali.

Tatu, lugha. Mengi ni ya Kiingereza.

Nne, kukata tamaa. Katika mwaka wa kwanza wa kozi za Harvard na MIT kwa edX, 2012 hadi 2013, watu walijiandikisha mara 841,687. Waliopata vyeti ni 43,196, yaani kama watano katika kila mia. Wengine walikuja kuchungulia tu. Hata hivyo, anayesoma peke yake, bila mtu wa kumuuliza, huchoka haraka.

Hapa ndipo kikundi kina nguvu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Chagueni kozi moja fupi. Watu watano, simu moja nzuri, siku moja kwa wiki, na bando itoke kwa mfuko wa kikundi. OpenLearn inakubali mtu apakue maandishi. Fanyeni hivyo sokoni penye mtandao mzuri, msome nyumbani. Anayejua Kiingereza awaelezee wenzake kwa lugha ya nyumbani. Na mkisoma juu ya kilimo, jaribuni kwa kipande kidogo kwanza, na mumuulize afisa wa kilimo. Mwalimu wa ng'ambo haujui udongo wetu.

Angalieni sana: mtu akidai ada ya "kukuingiza" katika kozi ya bure, mkimbieni. Kozi hizi mtu hujiandikisha mwenyewe. Mzazi, usiuze mbuzi kwa ajili hiyo.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni ujuzi gani mmoja unaokosekana katika kikundi chetu?
2. Nani kati yetu anaweza kutuongoza kusoma?
3. Bando ya miezi mitatu itagharimu pesa ngapi, na zitatoka wapi?