Kazi ya Ofisi ya Ustawi wa Jamii: Mambo Yanayowapasa Makatibu Kuyajua

Makatibu wa vyama vya msingi ni miongoni mwa watu wa kwanza kijijini kuzijua shida za nyumba za watu. Mwanachama hulipwa fedha zake za kokoa au mpunga. Baada ya siku chache mkewe hufika ofisini kuuliza kama malipo yametoka, maana watoto hawana sare na nyumbani hapana chakula. Makatibu wengi hujibu kwamba hayo ni mambo ya ndani, chama hakihusiki. Jibu hilo ni kweli nusu tu. Chama hakina mamlaka ya kuamua ugomvi wa mume na mke. Lakini iko ofisi iliyowekwa kwa mashauri ya namna hiyo, nayo ni Ofisi ya Ustawi wa Jamii katika Halmashauri ya Wilaya ya Kyela.

Huduma hii si ngeni nchini. Ilianza baada ya Vita Kuu ya Pili kwa kuwahudumia askari waliorejea makwao, na baadaye ikapanuka. Leo nguzo yake kubwa ni Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009. Sheria hiyo yasema kwamba mtu yeyote katika jamii aliye na habari kuwa mzazi au mlezi mwenye uwezo amekataa kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu au elimu, ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Neno lililotumika ni wajibu, wala si hiari. Na katibu wa chama ni mtu katika jamii kama wengine.

Afisa akipata taarifa anaweza kumwita mhusika, kumsikiliza, na kutoa uamuzi kwa kuangalia manufaa ya mtoto. Mhusika akikaidi, shauri hupelekwa mahakamani. Hapa yafaa makatibu wawe waangalifu. Mzazi akikubali mbele ya afisa kwamba sehemu ya malipo yake ilipwe kwa mama wa watoto, na akaandika idhini yake kwa chama, katibu ana karatasi ya kuifuata. Pasipo idhini ya mwanachama wala amri ya mahakama, katibu asikate hata shilingi moja, hata kama moyo wake wamhurumia mama yule. Anaweza kumwelekeza njia, na kumwandikia barua ya utambulisho.

Msiba nao huleta mengi. Mwanachama akifariki, ndugu huwahi ofisini kudai hisa na malipo yaliyobaki, na mjane huachwa nyuma. Afisa wa ustawi hagawi mirathi. Hiyo ni kazi ya msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Lakini watoto wakibaki bila mlezi, au wakitawanywa ovyo kwa jamaa, kumtafutia kila mmoja mlezi anayefaa ni kazi ya afisa huyo. Kabla ya hayo yote, katibu na atazame daftari lake: je, kila mwanachama ameandika jina la mrithi wake? Madaftari mengi yana nafasi tupu hapo.

Kuhusu watoto mashambani, mtoto kuwasaidia wazazi kuamia ndege katika mpunga baada ya masomo si kosa. Kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14 ni kosa, na kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi vilevile.

Watu huchanganya ofisi hii na ile ya Maendeleo ya Jamii, ambayo ndiyo hushughulikia mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Anayetafuta mkopo asipoteze siku kwa Ustawi wa Jamii.

Kutoka Mwaya hadi Kyela mjini ni safari, hasa wakati wa mvua mito inapofurika. Kwa hiyo taarifa yaweza kuanzia kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata. Mtoto akiwa hatarini, piga simu namba 116, ambayo haina malipo. Na penye kipigo au ubakaji, nenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, siku hiyo hiyo.