Rupia ya Mjerumani: ipi ina bei, ipi ni stori ya dalali

Kama umepanga Soweto hapa Moshi, au kwenu ni Kibosho, Machame au Old Moshi, habari za "rupia ya Mjerumani" umeshazisikia. Kuna dalali anatafuta, kuna tajiri Arusha analipa milioni mia, kuna mzee alichimba chini ya mti akakuta sanduku. Muhula uliopita mwenzangu mmoja wa kozi alitoa laki mbili na nusu ya boom kwa jamaa aliyesema anaipeleka rupia ya bibi yake "ikapimwe kwa mashine". Jamaa hakurudi, na rupia haikurudi. Kinachouma zaidi ni kwamba bibi anakumbuka ilikuwa na simba na mti. Sarafu hiyo inajulikana, na ina bei halali, ila si ya milioni mia.

Nianzie mbali kidogo. Marekani wapo watu wanaokusanya bastola za zamani, zile za silinda ambazo lazima uvute nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Colt walianza kuuza ya kwao maarufu, Single Action Army, mwaka 1873, na kabla ya Vita Kuu ya Pili walishatengeneza zaidi ya 300,000. Kwa hiyo kuwa na Colt ya zamani peke yake si ajabu. Lakini ndani yake kuna toleo la kulengea shabaha, lenye mgongo bapa juu ya silinda, ambalo halikufika 1,000. Mbali kidogo zinafanana, ila bei zao haziko karibu. Mkusanyaji analipia ile tofauti ndogo, kisha anaangalia kama mtu ameing'arisha upya. Ikiwa imeng'arishwa, bei inaporomoka.

Hapa kwetu bunduki ni suala la kibali na polisi, wala sikushauri. Sarafu ndizo zimejaa kwenye makopo ya Kimbo ya bibi zetu, na kanuni ni ileile.

Sasa tujue tunachoshika. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa za shaba na rupia za fedha mwaka 1890. Rupia moja ilikuwa pesa 64, kama India, kwa sababu rupia ya India ndiyo watu wa pwani waliyoizoea. Upande mmoja yupo Kaiser Wilhelm na kofia yake ya chuma, upande wa pili simba na mtende. Hizo ndizo za bibi. Ziliendelea mpaka 1902, kisha serikali ya koloni ikachukua kazi, na kuanzia 1904 rupia ikagawanywa kwa heller 100. Simba akaondoka, likaandikwa jina la koloni, Deutsch Ostafrika. Huku mlimani ziliingia kwa kibarua cha mashambani na kwa biashara, zikatoka kwa kodi. Zilizobaki ndizo zilizofichwa.

Rupia moja ina uzito wa gramu 11.66, na karibu 92% yake ni fedha. Hii ndiyo sakafu ya bei: hata ikiwa imechakaa vibaya, fedha iliyomo ina thamani, na sonara yeyote mwenye mizani anaweza kukwambia kama uzito unakaribia hapo. Juu ya sakafu hiyo ndipo maswali ya mkusanyaji yanaanza. Ni ya mwaka gani? Chini kuna herufi? A ni Berlin, J ni Hamburg, na kuna miaka ambayo mji mmoja ulitengeneza nyingi na mwingine chache. Je, ni rupia moja au mbili? Sarafu ya rupia mbili ni kubwa, imetengenezwa miaka miwili tu, 1893 na 1894. Ukiiona usiiachie kwa bei ya soda.

Heller moja, ile ndogo yenye taji, nakuomba usiikopee. Zilitengenezwa nyingi mno. Ya kawaida iliyosuguliwa na mifuko ya watu miaka mia inauzwa bei ya chipsi mayai, na siku nyingine hata hapo haifiki.

Utamu wenyewe uko Tabora. Vita vilipoanza, Waingereza walifunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani zikakatika. Mwaka 1916 Wajerumani wakaamua kutengeneza zao kwenye karakana ya reli Tabora. Maganda ya risasi na mizinga yakayeyushwa, zikatoka heller 5 na heller 20. Mashine za dharura, mafundi wa dharura: ndiyo maana heller 20 zina sura nyingi. Kuna za shaba nyekundu na za shaba njano. Kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Upande wa namba, herufi L za neno HELLER zina ncha zilizojikunja kwenye baadhi, na zilizochongoka kwenye nyingine. Michanganyiko hii haikutoka kwa idadi sawa, kwa hiyo mbili zilizolala kopo moja zinaweza kuachana bei mara kumi, na dalali mjuzi atachukua zote kwa bei ya ile rahisi. Chukua simu, piga picha karibu pande zote mbili, kuza, linganisha. Dakika tano tu.

Karakana hiyohiyo ilitoa pia rupia 15 za dhahabu kutoka mgodi wa Sekenke. Ni 16,198 tu. Tembo ameinua mkonga, nyuma yake milima, na wengi husema ni Kilimanjaro yetu. Nazo zina aina mbili: angalia upande wa tai, pambo la kulia linaishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA au chini ya A. Zenye A ni chache zaidi. Hii kweli huuzwa maelfu ya dola, na kwa sababu hiyo bandia zake ni nyingi. Halisi ina gramu 7.17 hivi, na robo tatu ndiyo dhahabu.

Umeona katika yote hayo hakuna mahali mchele umetajwa? Dalali atakwambia rupia ya kweli inavuta punje za mchele au inakatisha mtandao wa simu. Fedha haivuti kitu, shaba haivuti kitu. Anayekuletea kipimo cha mchele anatafuta ada ya kipimo.

Na tafadhali, mwambie bibi asisugue. Majivu, mchanga, ndimu, dawa ya meno, vyote vinakwangua sura ya juu, na mnunuzi wa mnadani anaona mara moja. Weusi ule ndio ushahidi kwamba haijaguswa.

Mwishoni mwa kopo utakuta vile vya senti kumi vyenye tundu, vya Mwingereza. Tafuta cha 1936 chenye jina la Edward VIII. Aliachia ufalme kabla hajatawazwa, na Uingereza kwenyewe haikuwahi kutoa sarafu zake za matumizi, ila za Afrika Mashariki zilishatoka. Mtu anaweza kukuuzia kama almasi. Mpe buku, kama unakipenda: zilitengenezwa kwa mamilioni.