Smash TV: Mashine Iliyokula Sarafu

Vijana huniuliza michezo ya video ya vijiti viwili ina utamu gani. Mimi huwatajia Smash TV, uliotolewa mwaka 1990 na kampuni ya Williams ya Chicago, kazi ya Eugene Jarvis na Mark Turmell. Kijiti cha kushoto humtembeza mtu wako, cha kulia hufyatua risasi. Kwa hivyo waweza kukimbilia huku na kupiga kule. Wawili hucheza pamoja, maana maadui huingia kwa milango ya kila upande: mmoja akiangalia mbele, mwenzake aangalie nyuma.

Hadithi yake inafuata filamu ya mwaka 1987, The Running Man, aliyoigiza Arnold Schwarzenegger: watu wanauana kwenye televisheni wapate zawadi, na watazamaji wanashangilia. Ni kejeli, lakini tazameni vizuri. Zawadi zikitokea uwanjani, waliokuwa wakilindana huanza kuzigombania. Wakimaliza roho zao, mashine yataka sarafu nyingine ndipo waendelee. Nionavyo mimi, somo liko hapo: wachezaji wanahesabu pointi, mwenye mashine anahesabu pesa.