Balozi Aliyejiuzulu: Prittwitz na Mwaka 1933

Mtumishi wa serikali hula kiapo, na kiapo kina mipaka yake. Mipaka hiyo i wapi? Katika makala hii fupi tunalitazama swali hilo kwa njia ya maisha ya Friedrich Wilhelm von Prittwitz und Gaffron, balozi wa Ujerumani mjini Washington tangu 1928 hadi 1933.

Prittwitz alizaliwa Stuttgart mwaka 1884. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alitumika St. Petersburg chini ya Kaisari. Utawala wa Kaisari ulipoanguka mwaka 1918, wanadiplomasia wengi wa tabaka lake waliitumikia jamhuri mpya kwa shingo upande. Yeye aliikubali kwa moyo, akajiunga na chama cha kidemokrasia. Baada ya utumishi Roma, alipelekwa Washington kushika nafasi ya Ago von Maltzan, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1927.

Kazi yake huko ilikuwa kujenga imani kwa taifa ambalo miaka 10 tu iliyopita lilikuwa adui. Mnamo Mei 1928 nchi hizo mbili zilitia sahihi mkataba wa usuluhishi. Mwaka 1931, uchumi wa Ujerumani ulipoporomoka, Rais Hoover alipendekeza malipo ya fidia na madeni ya vita yasimamishwe kwa mwaka mmoja.

Hitler alishika ukansela tarehe 30 Januari 1933. Machi mwaka huohuo Prittwitz alijiuzulu, kwa kuwa hakuweza kuiwakilisha serikali ambayo misingi yake aliikataa. Katika mabalozi wote wa Ujerumani, ni yeye peke yake aliyeondoka kwa sababu hiyo.

Wenzake walibaki. Ulrich von Hassell, balozi mjini Roma, alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933, akaondolewa ubalozini mwaka 1938, kisha akashiriki njama za kumpindua Hitler. Alinyongwa tarehe 8 Septemba 1944.

Nani alichagua vema? Kujiuzulu kwa Prittwitz hakukuizuia serikali ile. Kiti chake kilikaliwa upesi na Hans Luther, kansela wa zamani. Hassell naye alilipa kwa uhai wake, lakini baada ya kuipa serikali hiyo heshima machoni pa mataifa kwa miaka 5. Hatuthubutu kumhukumu. Ila twaona kwamba asemaye, "Nikibaki nitazuia mabaya," hana budi kujiuliza kila mwaka: nimezuia nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 1933 kukataa kulimgharimu balozi cheo chake. Mwaka 1944 kulimgharimu mtu maisha.