TOPE LA MTO HALISAHAU

Wahenga walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Je, mafuta yakimwagika mtoni? Baada ya siku chache rangi ile ya upinde wa mvua hutoweka juu ya maji, nasi husema mto umetakata. Wapi! Maji yamekwisha kwenda zake. Ukitaka ukweli, uliza tope lililobaki chini.

Tope huhifadhi haidrokaboni. Usishtushwe na jina hilo: ni kemikali zilizoundwa kwa kaboni na haidrojeni pekee. Petroli, dizeli na mafuta ya taa ni mchanganyiko wa haidrokaboni. Lakini tusiwalaumu madereva kwa kila kitu. Hata majani ya mimea yana nta, na ndani ya nta mna haidrokaboni. Majani yakianguka mtoni, nta huishia topeni.

Sasa mtaalamu atajuaje ipi ilitoka mtini na ipi ilitoka kwenye lori? Huhesabu kaboni. Nta ya majani huwa na minyororo mingi ya kaboni 27, 29 na 31, huku ile ya 28 na 30 ikiwa michache. Mwani wa majini hutengeneza zaidi ile ya 15 na 17. Mafuta ya petroli hayabagui: 27, 28, 29, yote hukaribiana kwa wingi. Tope likionyesha usawa huo, ni dalili kubwa kuwa mafuta yamepita hapo.

Shahidi wa pili ni bakteria. Wapo wanaokula mafuta, nao, kama watoto mezani, huanza na kilicho rahisi: minyororo iliyonyooka. Ile yenye matawi, kama pristani, huachwa nyuma. Basi mtaalamu hulinganisha mnyororo ulionyooka wa kaboni 17 na pristani. Wa kwanza ukiwa umepungua sana na pristani bado ipo, anajua bakteria wamekuwa kazini. Lakini ndani ya tope pasipo na oksijeni, kazi hiyo huenda polepole mno, na mafuta yaweza kukaa miaka na mikaka.

Haya si mambo ya mtihani wa Kemia tu. Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka bomba la Mombasa hadi Nairobi, yakaingia Mto Thange kule Makueni. Wakaaji walioutegemea mto huo kwa maji ya nyumbani, mashamba na mifugo walitaabika. Kwa watu kama hao, swali la iwapo mto umepona ni swali la uhai, na macho matupu hayawezi kulijibu.

Kwa hivyo, ndugu yangu, ukimwona fundi akimwaga oili chakavu mtaroni huku akisema "ni kidogo tu, mvua itaosha," mwambie mtaro huishia mtoni, na tope la mto huweka kumbukumbu. Njia ya mwongo ni fupi!