Mama Aliyefariki Akijifungua Hawi Mzuka: Ngano Zilizomo Katika Filamu za Kutisha za Indonesia

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake wote.

Vijana wetu wengi sasa hutazama filamu za kutisha kutoka Indonesia, ambazo baadhi zinapatikana Netflix. Kwao Indonesia zina soko kubwa mno: KKN di Desa Penari ya mwaka 2022, inayohusu wanafunzi waliovunja miiko ya kijiji kimoja cha Java, ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 9 kwenye majumba ya sinema. Kijana wa Kiislamu akiziona huhisi yuko nyumbani. Mna adhana, mna msala, mna sanda, mna shekhe anayesoma Ayatul Kursiy. Kwa hiyo hudhani anayoyaona ni elimu ya dini. Ukweli ni kwamba vingi vya visa hivyo havikutoka katika Qur'ani wala Sunna, bali katika ngano za Wajava na Wamalay, na kimoja kinawadhulumu watu ambao Mtume (S.A.W.) amewapa daraja kubwa.

Tuanze na hicho. Kuntilanak, ambaye Wamalay humwita pontianak, husimuliwa kuwa ni mwanamke aliyefariki akiwa na mimba au akijifungua. Huonekana na nguo nyeupe na nywele ndefu, akicheka juu ya mti usiku na kuvizia watoto wachanga. Mwenzake katika ngano, sundel bolong, ana tundu mgongoni kwa kuwa inadaiwa alizaa ndani ya kaburi. Huyu wa pili alipewa sura anayojulikana nayo hadi leo na mwigizaji Suzzanna (1942–2008), katika filamu ya Sundelbolong ya mwaka 1981. Upo hata mji wa Pontianak, Kalimantan Magharibi, ulioasisiwa mwaka 1771 na Syarif Abdurrahman Alkadrie, ambaye kwa mujibu wa hekaya alipiga mizinga kuifukuza mizuka mahali hapo. Huyu alikuwa wa ukoo wa masharifu wa Hadhramaut, nchi ileile waliyotoka masharifu wengi wa Lamu, Zanzibar na Komoro. Ngano na dini zilikaa nyumba moja tangu zamani.

Nayo imani hii haikuishia kwenye masimulizi. Maandishi ya zamani kuhusu desturi za Wamalay yanaeleza kwamba mzazi akifariki aliwekwa shanga za kioo mdomoni, yai katika kila kwapa na sindano viganjani, ili asipige mayowe wala asiruke. Mama amekufa akileta uhai duniani, na watu wa nyumba yake mwenyewe wanamchoma sindano kwa kumwogopa!

Mtume (S.A.W.) amesema nini juu yake? Katika hadithi ya Jabir bin Atik (R.A.), iliyomo katika Muwatta ya Imam Malik na Sunan ya Abu Dawud, aliwahesabu mashahidi wasiokufa vitani, na miongoni mwao akamtaja mwanamke anayefariki kwa sababu ya mimba au uzazi. Hukumu yake hapa duniani ni kama ya maiti mwingine: huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa na kuzikwa. Ushahidi wake ni daraja ya Akhera. Kwa hiyo ngano imemgeuza shahidi kuwa jinamizi. Na huku kwetu hatuna uhaba wa watoto waliolelewa na bibi zao kwa kuwa mama zao walifariki leba. Mtoto kama huyo akikaa mbele ya filamu ya kuntilanak, anafundishwa nini kuhusu mama yake?

Mzuka mwingine, pocong, unatuhusu kwa sababu umevaa sanda kama yetu. Husimuliwa kwamba vifundo vya sanda visipofunguliwa kaburini, maiti hutoka akirukaruka, miguu pamoja, mpaka afunguliwe. Hapa ngano imejengwa juu ya jambo la kweli la fiqhi. Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba maiti akishawekwa kaburini vifungo huondolewa, na madhehebu ya Shafii ndiyo yanayofuatwa na wengi huko Indonesia na katika pwani yetu. Lakini waliozika wakasahau hawana sababu ya kuogopa wala ya kufukua kaburi. Aliyekufa yuko Barzakh mpaka siku ya kufufuliwa, kama ilivyo katika Surat Al-Mu'minun, Aya ya 100. Harudi kudai vifundo.

Kuhusu tuyul, kitoto chenye upara kinachotumwa kuiba pesa, mwenye duka wa Kariakoo hahitaji maelezo marefu: kwake huitwa chuma ulete. Wajava wana jina la biashara yote ya kutafuta utajiri kwa viumbe wa ghaibu, nalo ni pesugihan, na katika masimulizi malipo yake mara nyingi ni roho ya jamaa. Surat Al-Jinn, Aya ya 6, imeshatuambia kwamba watu waliojikinga kwa majini hawakuzidishiwa ila madhara.

Hatusemi kila kitu humo ni uongo. Majini wapo, na kuwakanusha ni kuikanusha Qur'ani. Waktu Maghrib ya mwaka 2023 imejengwa juu ya hofu ya watoto kuwa nje magharibi, na hadithi sahihi ya Jabir (R.A.) inatuamrisha kuwazuia watoto ndani wakati huo kwa kuwa mashetani hutawanyika. Tatizo ni pale jini wa kweli na maiti wa kubuni wanapowekwa sahani moja.

Tazameni pia namna dini inavyotumika. Katika Pengabdi Setan ya mwaka 1980 familia iliyoacha swala huandamwa na wafu, hadi kiyai, yaani shekhe wa Kijava, anapokuja na kisomo na mambo yakaisha. Joko Anwar alipoitengeneza upya mwaka 2017, ustadhi mwenyewe aliuawa. Wapo waliofurahia ya kwanza na kuchukizwa na ya pili. Sisi tunaona zote mbili zinakosea jambo moja: kisomo kimefanywa silaha, ifanye kazi au igome, wakati ni dua, na mwenye kujibu ni Allah (S.W.) kwa wakati Autakao.

Waindonesia wenyewe wameanza kulisemea. Mwaka 2024 bango la filamu iliyoitwa Kiblat lilimwonyesha mtu aliyevaa nguo za swala, yuko kwenye rukuu, uso umegeuka juu kwa namna ya kutisha. Baraza la Maulamaa la nchi hiyo (MUI) lililalamika, bango likaondolewa, na filamu ikatoka kwa jina jingine, Thaghut.

Wallahu A'lam.