Kabla Ulipie Jigso: Mashine na Bledi Zinazofaa Kukata Kaunta ya Jikoni

Mwaka jana jirani yangu hapa Umoja, kijana fundi wa mbao, alipata kazi yake ya kwanza ya maana: kutengeneza jikoni nzima ya nyumba moja kule Donholm. Mteja akamtumia dipositi kwa simu. Siku hiyo hiyo akaenda tao, akanunua jigso na pakiti moja ya bledi, akalipa kwa namba ya simu aliyopewa na kijana wa kaunta. Risiti hakuitisha.

Alipoanza kukata shimo la sinki, laminati ya juu ilimeguka pande zote kama biskuti. Mteja akaikataa ile kaunta. Ubao mpya ulitoka mfukoni mwa fundi, na faida ya kazi nzima ikaishia hapo. Aliporudi dukani kulalamika kwamba bledi alizoambiwa ni za finishing ni za kukatia mbao za paa, aliambiwa jina lililo kwenye SMS yake si la mtu wa duka hilo. Basi.

Makosa yalikuwa mawili: la kifaa na la malipo. Hebu tuyaangalie yote.

Kwanza, jua kaunta yako ni ya nini

Jigso ni msumeno wa umeme wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka. Inafaa chipbodi yenye laminati, MDF, plaiwudi na mbao ngumu. Kama kaunta ni ya graniti au terazo, weka jigso kando. Hiyo ni kazi ya grinda yenye diski ya almasi, na mara nyingi ni afadhali ukatiwe kule kule unakonunua jiwe.

Pia kumbuka jigso ina kipaji cha kukata shimo na kona. Mstari mrefu ulionyooka si nguvu yake, kwa sababu bledi hupinda. Ukilazimika kuitumia, funga ubao ulionyooka kwa klampu uwe reli yake.

Mashine: angalia nini?

Usidanganywe na rangi wala boksi. Uliza mambo haya:

- Nguvu. Kaunta nyingi za laminati zina unene wa karibu milimita 38. Mashine ya wati 600 kwenda juu itafanya kazi hiyo bila kulia sana.
- Spidi inayobadilika. Laminati inataka mwendo wa wastani. Ukienda mbio sana bledi inapata moto na kuchoma ubao.
- Swichi ya pendulamu, kawaida 0 hadi 3. Hii husukuma bledi mbele inapopanda. Namba 3 inakata haraka lakini inararua. Kwa kaunta, weka 0 au 1. Jirani yangu alikuwa ameiacha kwa 3.
- Sahani ya chini. Ishike uitikise. Ikicheza dukani, itacheza hata kazini, na shimo litatoka limepinda.
- Mahali pa kushikia bledi. Mashine nyingi za siku hizi hutumia bledi zenye mkia wa umbo la T. Za zamani, hasa zile za mtumba, huwa za mkia wa U. Bledi ya T haiingii kwa mashine ya U, kwa hivyo beba mashine ukienda kununua bledi.

Omba muuzaji aichomeke kwa soketi uisikie ikizunguka. Duka likikataa kukujaribia, ondoka.

Bledi ndiyo inayoamua

Unaweza kuwa na mashine ya bei na bado uharibu ubao kwa sababu ya bledi ya bei ya chai. Angalia vitu vitatu.

Kwanza, meno. Meno makubwa yaliyoachana hukata haraka na kwa fujo. Meno madogo yaliyobanana hukata polepole na kwa usafi. Kwa laminati unataka yale ya pili, karibu meno 10 kwa kila inchi.

Pili, mwelekeo wa meno. Bledi ya kawaida hukata ikipanda, ndiyo maana upande wa juu ndio humeguka. Una njia mbili. Kama kaunta bado haijafungwa, igeuze, chora na ukate kutoka upande wa chini. Kumbuka kwamba ukigeuza, kulia kunakuwa kushoto, kwa hivyo pima mara mbili. Kama kaunta imeshafungwa, tafuta bledi yenye meno yanayoangalia chini. Kwa Bosch, kwa mfano, T101B ni ya kukata mbao kwa usafi, na T101BR ni ile ile ila meno yamegeuzwa. Bledi ya meno ya kugeuza husukuma mashine juu, kwa hivyo ikandamize vizuri na uweke pendulamu 0.

Tatu, urefu. Pakiti huandikwa unene ambao bledi inaweza kukata. Bledi iliyoandikwa milimita 30 usiilazimishe kwa kaunta ya 38. Itapinda ndani, na shimo la chini halitalingana na la juu.

Kabla ya kukata, bandika masking tepu juu ya mstari, toboa kona nne kwa drili ili bledi ipate pa kuingilia na kugeukia, kisha uweke kitu chini cha kushikilia kipande kinachotoka. Kisipozuiliwa kitaanguka na kung'oa laminati dakika ya mwisho. Vaa miwani na barakoa, vumbi la MDF si la mchezo. Ukimaliza, pakaa silikoni au vanishi kwenye ukingo uliokatwa. Chipbodi ikionja maji ya sinki hufura, na fundi ndiye hulaumiwa.

Sasa tuongee pesa

Ukinunua River Road, Gikomba au kwa hadiwea ya mtaani, fanya hivi:

- Lipa kwa till au paybill ya duka. Jina likitokea kwa skrini, lisome kabla malipo hayajakamilika. Likiwa tofauti na la duka, simama uulize.
- Itisha risiti yenye aina ya mashine na namba yake ya kiwandani, pamoja na muda wa waranti. SMS inaonyesha ulilipa. Risiti inaonyesha ulinunua nini. Unahitaji zote mbili.
- Muuzaji wa mtandaoni akitaka utume zote kabla hujaona mashine, mwambie utalipa ukishaijaribu.
- Dipositi ya mteja si faida yako. Tenga ya ubao kwanza, halafu uone kama iliyobaki inatosha mashine. Kama haitoshi, kodisha jigso siku moja na ununue bledi mpya mwenyewe.
- Usifute SMS za malipo. Mwisho wa kazi ndizo zitakuonyesha kama ulipata ama ulipoteza.

Jirani yangu bado anafanya kazi, na bado ana jigso ile ile. Kilichobadilika ni bledi na tabia. Juzi nilimpata akikata kaunta ya mama mmoja wa Kayole, tepu imebandikwa, kaunta imegeuzwa kifudifudi. Mfukoni alikuwa na risiti, ameikunja mara nne. Nilipomuuliza kama ni lazima atembee nayo, alicheka tu: "Hii karatasi ingekuwepo mwaka jana, singenunua ubao mara mbili."

Kwa hivyo kabla ya kubonyeza tuma, jiulize: nakata nini, kwa bledi gani, na pesa zangu zinaenda kwa jina la nani?